Mlio wa Sikio na Kengele ya Baba Mkwe

Watu wa Kisondela wakiona mawingu yanashuka kutoka mlimani huanza kulalamika: nguo hazitakauka, njia itateleza, bodaboda watagoma kupanda. Mimi hushukuru. Mvua ikipiga mabati, ile ya mchana kutwa isiyo na haraka, sikio langu hunyamaza. Au tuseme hufunikwa. Kwa miaka mingi mvua ndiyo ilikuwa dawa yangu pekee, na nilimshukuru Mungu kwamba niliolewa huku Rungwe na si Dodoma.

Naandika kwa ajili ya yule aliyekaa sasa hivi kwenye benchi la hospitali, ameshaambiwa mara kadhaa kwamba sikioni hamna kitu, na bado linalia. Mimi si daktari. Nitasema tu yaliyonipata mpaka nikafika kwenye mashine ya sumaku, na nilivyotoka huko. Kama umechoka, soma polepole. Hata mimi naandika nimechoka.

Nilifanya kazi kiwanda cha chai, kwenye chumba cha mashine za kukata majani. Tulipewa vizibo vya masikio, tukavitia mfukoni, maana ukivivaa umbea wote unakupita. Mlio ulikuja kidogo kidogo. Mwanzoni ulikuwa unanisindikiza nyumbani jioni, asubuhi umeondoka. Baadaye ukahamia kabisa. Ni mlio mwembamba wa juu, kama kengele ndogo inayotikiswa na mtu asiyechoka. Unakaa sikio la kushoto, siku nyingine unaenea kichwa kizima, na haukatiki hata unapomeza mate.

Nilijaribu kila kitu. Nilitiwa mafuta ya kitunguu saumu, nikasafishwa nta, nikapewa matone, nikaombewa kwa kuwekewa mikono. Mbeya nilifungiwa kwenye kijumba kisichopitisha sauti, nikapimwa. Daktari akaniambia usikivu umepungua, na mlio ni wa kuishi nao.

"Utauzoea, mama," akasema, tayari anamtazama mgonjwa wa nyuma yangu.

Basi nikaenda kuzoea. Mwili ukakataa. Nilikuwa nakaza meno bila kujua mpaka taya likawa linauma kutwa. Shingo ikakakamaa. Nilikonda, sketi ya kwaya ikawa inazunguka kiunoni, na haikupita muda kwaya yenyewe nikaiacha, kwa sababu sauti za kina mama wenzangu zilikuwa zinaingia kichwani zikiwa zimechanika. Kelele ziliniudhi, na kimya kiliniudhi zaidi. Mume wangu, Baba Lusajo, ni mtu mpole, lakini hata yeye alichoka. Aliwasha redio kwa ajili yangu, akaizima kwa ajili yangu, akaiwasha tena.

"Niambie basi unataka ipi," akasema siku moja, ameshika kile kitufe.

"Sijui," nikamwambia. Na kweli sikujua.

Sasa nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo hutaelewa kilichonitoa nyumbani. Kwa Wanyakyusa mkamwana humwogopa baba mkwe wake. Si woga wa chuki, ni heshima. Hukutani naye uso kwa uso, humtaji jina, hamli pamoja. Wasichana wa siku hizi wameacha, wanawapa wakwe zao mkono na kupiga nao picha, wala siwalaumu. Lakini mimi niliolewa kwa mzee anayeshika mambo yake, nami nikakubali tangu siku ya kwanza. Nyumba yake iko juu yetu kidogo, na njia yake ya kwenda kwa ng'ombe inapita nyuma ya jiko langu, katikati ya migomba. Akikaribia anakohoa. Nikisikia kikohozi naingia pembeni, nageuza mgongo, anapita. Tuliishi hivyo miaka yote kwa amani. Chakula chake nilikipeleka kwa mkono wa mama mkwe, naye akikata mkungu mzuri wa ndizi aliuegesha ukutani kwangu nikiwa nimekwenda shamba. Naweza kusema tulipendana, ingawa hatukuwahi kuzungumza.

Ilikuwa miezi ile ya baridi, mvua imekoma, ukungu umelala mpaka saa nne. Miezi hiyo ndiyo mibaya kwangu. Nikatoka jikoni na beseni la maganda ya viazi, nikakata kona kwenye migomba, nikamgonga mzee kifuani.

Alikuwa amekohoa. Najua alikohoa, hajawahi kuacha. Maganda yalimwagikia viatu vyake. Nikamwona uso kwa mara ya kwanza kwa karibu vile, nikaona jicho lake moja lina utando, jambo ambalo sikuwa nimeambiwa. Alikuwa wa kwanza kugeuka. Mimi nilibaki nimesimama, nimeshika beseni tupu.

Kuanzia siku hiyo mzee akaacha njia yake. Akawa anazungukia bondeni, kwenye utelezi, mzee wa umri ule na jicho moja, ili asije akanitia aibu tena. Nilimwona kwa mbali anashika majani ili asianguke, moyo ukaniuma vibaya. Nikamwomba mama mkwe anisemee.

"Nimemwambia sikio limekufa," akaniletea jibu. "Gwe mwana, usilie. Hana hasila. Ana haya tu."

Wiki iliyofuata Baba Lusajo alirudi kutoka kwa baba yake anatabasamu, kitu ambacho kilikuwa kimeadimika nyumbani kwetu. "Mzee anarudi kwenye njia yake," akasema. "Amefunga kengele ya ndama kwenye fimbo. Anasema kosa ni lake, kikohozi chake kimekuwa chembamba kwa uzee, ndiyo maana hukumsikia."

Nililia kwa wema ule. Kisha kesho yake nikaisikia kengele yenyewe, nikakaa chini.

Ilikuwa sauti ile ile. Katika sauti zote ambazo mtu angeweza kufunga kwenye fimbo, mzee wa watu alichagua ile inayolia sikioni kwangu kutwa. Angebeba debe ningemsikia. Angegonga jembe ningemsikia. Lakini nimwambie vipi? Mtu amejitwisha kosa lako na kufunga kengele kwa ajili yako, utamtuma mama mkwe akamwambie aifungue? Nikanyamaza. Na Baba Lusajo alivyofurahi, hata yeye sikumwambia.

Ndipo nikaanza vituko. Kila sikio lilipopandisha mlio, mimi nilidhani ni mzee, nikakimbilia nyuma ya mgomba na kugeuza mgongo. Nasimama, nasubiri, hapiti mtu. Narudi kwenye chungu, mlio unapanda, naondoka tena. Siku moja jirani yangu alinikuta nimejibanza, mwiko mkononi.

"Mama Lusajo, unamkimbia nani?"

"Baba mkwe anapita."

"Baba mkwe yupi? Mzee yuko Lufingo msibani tangu juzi!"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Nami nikacheka kidogo, halafu nikaona haya sana. Nikajiambia kuanzia leo sikimbii ovyo. Nitasubiri mpaka niwe na hakika. Hakika yenyewe ilikuja mapema kuliko nilivyotaka. Kengele ililia, nikasema ni sikio. Ikazidi, nikasema ni sikio. Nikainua kichwa, mzee huyu hapa mbele yangu, na alivyoniona akaruka pembeni ili kuniokoa na aibu. Akaingia mfereji wa maji, kifundo cha mguu kikateguka.

Sikuweza hata kumsaidia kuinuka. Nilipiga kelele Baba Lusajo akaja mbio, mimi nimewapa mgongo, nasikia baba na mwana wanavyohema.

Jioni yake mume wangu alisema polepole, akiangalia moto. "Tuhame. Tupange vyumba Bulyaga, mjini. Mzee apate njia yake, na wewe upate utulivu." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja nguvu. Kuhama kulikuwa na maana ya kuacha migomba niliyoipanda mwenyewe, kumwacha mama mkwe ambaye magoti yake yanamsumbua, na kumwonyesha kila mtu kwamba mkamwana amemkimbiza mzee au mzee amemkimbiza mkamwana. Kesho yake niliamka nikiangalia kila kitu kwa macho ya kuaga.

Mdogo wangu Tumpe, anayeishi Dar es Salaam, ndiye aliyepiga simu. Alikuwa amesikia kuna kliniki inayotibu watu wenye sonona kwa sumaku, na wameanza kuwajaribu na wenye masikio yanayolia.

"Sumaku?" Baba Lusajo akauliza. "Hii ya kuokotea misumari?"

Tulipatana hivi: niende nikajaribu. Nikirudi vilevile, tunahamia Bulyaga kabla ya Krismasi, na hakuna atakayebisha.

Niliondoka parachichi za mwisho zikivunwa. Sitaeleza safari. Nitasema tu kwamba Dar kulikuwa kukavu na joto, na kila nilipotazama mbingu sikuona dalili ya rafiki yangu mvua. Tumpe alinipa chumba chenye feni mbovu inayogugumia, nikamwambia asije akaitengeneza.

Daktari wa pale alikuwa mwanamke wa makamo, anaongea taratibu, na ndiye wa kwanza aliyeniuliza mlio wangu unafananaje. Akauliza kama nina chuma chochote kichwani, kama moyo una betri, kama nimewahi kuanguka kifafa. Ukiulizwa hayo jibu ukweli, usione aibu. Halafu akasema maneno ambayo nakuletea wewe kama nilivyopewa.

"Mama, hatuuzimi. Kwa wengine unapungua, kwa wengine haubadiliki, na ukipungua unaweza kurudi baada ya miezi. Usikivu uliopotea kiwandani hatuurudishi. Bado unataka?"

Nilimfikiria mzee kwenye mfereji. "Nataka."

Kwanza nilifumuliwa nywele, maana ile sumaku lazima ilale karibu na ngozi. Tumpe alikuwa amenisuka vizuri nilipofika kwake, tukafumua tukinung'unika wote wawili. Kisha nikavuliwa hereni na pini zote. Mtaalamu wa mashine, dada kijana anayeitwa Neema, akanikalisha kwenye kiti cha kuegemea, akanivisha kofia nyepesi na kuichora alama. Akaleta kitu cha plastiki chenye duara mbili zilizoungana, kimefungwa kwenye mkono wa chuma, akakigusisha kichwani. Akaanza kutafuta kipimo changu. Pa! Hamna kitu. Pa! Hamna. Pa! Kidole gumba changu kikaruka chenyewe juu ya paja.

Nilikitazama kidole kile kama cha mtu mwingine. Miaka yote hii nimekitumia kumenya ndizi, leo kinaamrishwa na mashine. Nikaogopa, kisha nikaanza kucheka, na Neema naye akacheka.

"Wengi wanacheka hapo," akasema. "Wengine wanakemea kwa jina la Yesu."

Matibabu yenyewe si marefu lakini yanachosha. Unazibwa masikio, kwa sababu mashine inapiga kelele. Hebu fikiria: umekwenda kutibiwa kelele, unatibiwa kwa kelele. Ukishazibwa, mlio wako unapanda kama vile umefungiwa nao chumba kimoja, na juu yake unagongwa kichwani ta-ta-ta-ta mfululizo, unapumzishwa kidogo, unagongwa tena. Haichomi. Ni kugongwa tu, mahali pamoja, mpaka unatamani kusogeza kichwa na huruhusiwi. Jicho la upande ule linapepesa na taya linarukaruka. Siku za kwanza nilirudi kwa Tumpe na kichwa kinauma, nikameza dawa, nikalala chini ya feni. Jumatatu mpaka Ijumaa, nikapumzika mwisho wa wiki, nikaanza tena.

Kwenye chumba cha kusubiri wengi walikuwa watu wa sonona. Wanakaa kimya, wanatazama sakafu, na televisheni imezimwa sauti. Mimi niliyetoka kwenye nyumba ambayo majirani wanaingia bila hodi niliona ajabu watu kukaa karibu hivyo bila kuulizana habari. Wiki ya pili mwalimu mmoja wa sekondari, binti mdogo tu, aligeuka akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, wewe wako unaliaje?" Nikamwigizia. Akasikiliza kwa makini. Akasema, "Wangu hauna sauti, ndiyo maana hakuna anayeniamini." Nikamgawia karanga, tukala pamoja, na tangu hapo tukawa tunawekeana nafasi kwenye kiti. Mambo madogo kama hayo ndiyo yanayokufikisha mwisho wa wiki.

Wiki ya pili iliisha sijaona tofauti. Baba Lusajo alipopiga simu nilijua anataka kuuliza nini, naye alijua nimejua, tukaongea habari za ng'ombe. Alisema mzee ameanza kutembea, kwa shida. Nilipokata simu nilimwambia Tumpe ningependa kurudi. Nilikuwa nimechoka kugongwa, nimechoka kutumaini, na kutumaini ndiko kulinichosha zaidi. Tumpe hakunibembeleza. Alinipakulia wali, akasema, "Utachoka huku au utachokea Bulyaga. Kula."

Nikaendelea.

Nafuu ilikuja asubuhi moja nikiwa nafua uani. Jirani alikuwa anafagia mchanga kwa fagio la njiti, nami nikawa namsikiliza, fagio linakwenda na kurudi. Nilikuwa nimesuuza nguo tatu nne kabla sijashtuka kwamba nilikuwa nasikia fagio. Mlio ulikuwepo, nilipoutafuta nikaupata. Lakini nilihitaji kuutafuta. Niliogopa kumwambia mtu. Jumapili ile ukarudi na nguvu zake zote, nikalia mbele ya Tumpe bila kujificha. Jumanne ukashuka tena. Ukawa unakwenda hivyo, unapanda na kushuka, na kila ukishuka unashuka chini kidogo kuliko mwanzo. Siku ya mwisho daktari aliniuliza umepungua kiasi gani, nikamwambia: zamani ulikuwa umekaa mapajani kwangu, sasa umehamia chumba cha pili, mlango uko wazi.

Akasema hilo ni jibu zuri kwa mtu wa hali yangu. Mwalimu yeye alikuwa bado anaendelea. Tulikumbatiana mlangoni, na sijui yuko wapi leo.

Nilirudi Kisondela mvua za kwanza zimeshanyesha. Udongo ulikuwa mweusi, migomba imeoshwa. Baba Lusajo alinipokea mzigo na hakuuliza chochote mpaka nimekunywa chai. Kisha akauliza, "Tupange vyumba?"

"Sijui bado," nikasema. Ilikuwa kweli. Mbele ya feni ya Tumpe ni jambo moja, na nyuma ya jiko langu ni jingine.

Siku mbili mzee hakupita. Siku ya tatu mvua ilikatika mchana, na kila kitu kikawa kinadondoka matone. Nilikuwa njiani katikati ya migomba, nimebeba kuni. Mlio ulikuwepo, mwembamba, mahali pake. Halafu nikasikia kengele.

Nilisimama. Nikasikiliza yote mawili. Huu ulikuwa umenyooka, haubadiliki. Ile ilikuwa inakuja, inalia na kusita, inalia na kusita, kwa hatua ya mtu anayechechemea. Nikaweka kuni chini, nikaingia pembeni, nikageuza mgongo, uso wangu karibu na shina la mgomba. Kama nimekosea, jirani atanicheka tena, na sisi tutahama.

Kengele ikafika nyuma yangu, ikanyamaza.

"Gwe mgomba," ikasema sauti ya mzee, nzito, yenye kikohozi ndani yake. Hakuwa anaongea nami, maana haongei nami. "Nasikia Mama Lusajo alikuwa Dar es Salaam. Ametibiwa?"

Sikujua kama inaruhusiwa kujibu. Nikaushika ule mgomba wangu. "Mgomba," nikasema, "mwambie tata ametibiwa. Mlio haukuisha, ila umepungua. Mwambie kengele ameisikia."

"Ndaga fijo," akauambia mgomba wake, asante sana, kisha akaondoka.

Tuko Kisondela mpaka leo. Mlio umeshapanda tena kidogo, na daktari amesema huenda nikahitaji kurudi kwenye kile kiti, nitarudi, nikinung'unika. Lakini siku ile nilibaki nimesimama, bado nimegeuza mgongo, machozi yananitoka, nikiifuata kengele ikishuka kwa ng'ombe, ikipita kwenye kahawa, ikififia, ikisita, ikififia zaidi. Niliisikiliza mpaka ikaisha. Ilikuwa miaka mingi sijasikia kengele inayokwisha.